Msiimwage chupa ya pili: Banyuls, chokoleti, na kwa nini keki iliushinda mvinyo

Swali la msomaji: "Ninasimamia chumba cha chakula katika hoteli ndogo Mombasa. Mgeni aliyekaa nasi wiki mbili alituachia chupa mbili za mvinyo mtamu wa Ufaransa uitwao Banyuls. Moja imeandikwa Rimage, nyingine Hors d'âge. Alisema huu ndio mvinyo wa chokoleti. Tulifungua Rimage, tukainywa na keki yetu ya chokoleti yenye krimu juu. Ikawa chachu, na inachoma koo kama dawa ya kikohozi. Ile nyingine ina rangi ya kahawia na inanukia njugu za zamani na ganda la chungwa. Mpishi anasema imeharibika, tuimwage. Tumekosea wapi, na mvinyo huu huliwa na nini hasa?"

Kwanza kabisa, mzuieni mpishi. Banyuls ya kahawia yenye harufu ya njugu na ganda la chungwa haijaharibika. Ndivyo ilivyokusudiwa iwe, na maneno Hors d'âge kwenye lebo yanamaanisha kwamba mvinyo huo ulikomazwa angalau miaka mitano kabla ya kuuzwa. Kati ya chupa zenu mbili, huenda hiyo ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Hata Rimage haikuwa na kasoro. Makosa yalikuwa mawili, na yote yanarekebishika: keki ilikuwa tamu kuliko mvinyo, na mvinyo ulikuwa moto.

Ili ujue cha kufanya na kila chupa, inafaa kujua kilichomo ndani yake. Banyuls hutoka katika kona ya mwisho ya kusini mwa Ufaransa, jimbo la Pyrénées-Orientales, mahali milima ya Pyrenees inapotumbukia katika Bahari ya Mediterania karibu na mpaka wa Hispania. Sheria inaruhusu jina hilo kwa zabibu za wilaya nne tu: Banyuls-sur-Mer, Collioure, Port-Vendres na Cerbère. Jina lenyewe limelindwa kisheria tangu 1936. Mizabibu imepandwa kwenye matuta yaliyochongwa milimani na kuzuiwa kwa kuta za mawe yasiyo na saruji, juu ya mwamba wa shisti unaokatika vipande kama vigae. Mvua za huko zikija huja kwa kishindo, kwa hiyo kati ya matuta kuna mitaro ya mawe inayokutana kama vidole vya kuku. Wakatalani wa huko huiita peu de gall, yaani mguu wa jogoo. Trekta haipiti. Uvunaji ni wa mikono, na mavuno ni haba: sheria haikubali zaidi ya hektolita 30 (lita 3,000) kwa hekta, na mashamba mengi hayafiki hapo.

Zabibu kuu ni grenache nyeusi. Katika Banyuls nyekundu ya kawaida lazima iwe angalau nusu, na katika ile ya daraja la Grand Cru angalau asilimia 75, pamoja na miezi isiyopungua 30 ndani ya pipa la mbao. Grenache inafaa kwa sababu huiva na sukari nyingi bila kusinyaa mapema kwenye jua na upepo mkavu wa Tramontane. Sukari hiyo ndiyo msingi wa kila kitu: maji ya zabibu za Banyuls hayakubaliwi yakiwa na chini ya gramu 252 za sukari kwa lita.

Sasa, utamu unabakije? Hamira ikiachwa itaila sukari yote na kuigeuza kilevi. Kwa hiyo mtengenezaji huikatiza njiani kwa kumimina spiriti safi ya zabibu yenye kilevi cha asilimia 96, kwa kiasi cha kati ya asilimia 5 na 10 ya maji ya zabibu. Hamira haivumilii nguvu hiyo. Inakufa, na sukari iliyosalia inabaki. Wafaransa huita kazi hiyo mutage, na mvinyo unaotokana nayo huitwa vin doux naturel. Mbinu hii inahusishwa na Arnau de Vilanova, tabibu wa Kikatalani aliyefundisha Montpellier mwishoni mwa karne ya 13.

Piga hesabu uone. Chukua lita 100 za maji ya zabibu zenye gramu 252 za sukari kwa lita. Takriban gramu 17 za sukari huzaa asilimia moja ya kilevi. Ukikatiza mchacho, yaani kazi hiyo ya hamira, ulipofika asilimia 8, hamira imekwisha kula gramu 136, zimebaki 116. Ongeza lita 10 za spiriti: sasa una lita 110, kilevi kimepanda hadi asilimia 16, na sukari imezimuliwa hadi gramu 105 hivi kwa lita. Hiyo ndiyo Banyuls ya kawaida, na namba hizo mbili, 16 na 105, ndizo zilizokugharimu ile jioni. Asilimia 16 ya kilevi haivumilii joto la chumba cha Mombasa. Gramu 105 za sukari ni nyingi kwa mvinyo, lakini ni chache mno mbele ya krimu ya keki.

Jambo moja zaidi kuhusu utengenezaji, maana linaeleza ukakasi mlioukuta katika Rimage. Kwa Banyuls nyekundu zilizo bora, spiriti humwagwa juu ya maganda yenyewe, si juu ya maji yaliyokwisha kuchujwa, kisha vyote huachwa pamoja kwa siku kadhaa au wiki. Spiriti inanyonya rangi, harufu na tanini kutoka kwenye maganda. Tanini ndiyo inayoleta ukakasi, ule unaoshika ulimi unapokula bibo ambalo halijaiva. Kwenye mvinyo mtamu ukakasi huo ni baraka, kwa sababu bila huo ungekuwa unakunywa sharubati.

Hapa ndipo njia zinapoachana, na ndipo jina moja linapobeba mivinyo miwili isiyofanana.

Rimage ni mvinyo uliokingwa na hewa. Huwekwa katika matangi yaliyojaa hadi juu, hutiwa chupani mapema, na lebo hutaja mwaka wa mavuno. Una rangi ya zambarau iliyokolea, harufu ya cheri nyeusi, matunda damu na kakao, na tanini yake bado ina meno. Unakaribiana na mvinyo mwekundu wa kawaida, ila ni mtamu na una nguvu.

Hors d'âge, na ndugu yake aandikwaye Traditionnel, ni mvinyo uliokabidhiwa hewa kwa makusudi. Hukaa kwenye mapipa ya mwaloni ambayo hayajazwi pomoni, na baadhi ya watengenezaji huuweka kwanza ndani ya madumu makubwa ya kioo nje, juani mchana na baridini usiku, kwa miezi mingi. Oksijeni na joto vinaifanya rangi ihame kutoka wekundu kwenda rangi ya tofali, kisha kahawia yenye kingo za dhahabu au kijani kibichi kilichofifia. Tanini inalainika. Matunda mabichi yanatoweka na mahali pake panakuja tini kavu, plamu kavu, kahawa, karameli, tumbaku, ganda la chungwa na jozi. Harufu hiyo ya jozi na samli ya zamani kidogo ina jina lake, rancio, na wapenzi wa Banyuls huitafuta kama sisi tunavyotafuta harufu ya udi: asiyeijua hudhani kitu kinaungua, anayeijua huifuata mpaka chumbani.

Hata hivyo mpishi wako hakukosea kuwa na shaka. Kuna chupa zinazoharibika kweli. Jinsi ya kupambanua ni hivi. Mimina vijiko viwili katika glasi, izungushe, unuse mara mbili. Ukipata jozi, kahawa, tini, chungwa, hata kama kuna mguso wa vanishi kwa mbali, ni sawa. Ukipata siki inayopiga puani kabla ya kitu kingine, au harufu kali ya rangi ya kucha inayoziba zote, mvinyo umepatwa na bakteria wa siki. Ukipata kadibodi iliyolowa au chumba cha chini chenye ukungu, kizibo kimeuharibu. Rangi peke yake haitoi hukumu kwa Hors d'âge. Kwa Rimage inatoa: Rimage ya miaka mitatu au minne iliyogeuka rangi ya tofali na kunukia jamu iliyopikwa kupita kiasi imelala mahali pa joto, na hiyo ni kasoro, kwa kuwa mvinyo huo uliahidi matunda.

Turudi kwenye keki. Kanuni ya mvinyo mtamu na kitindamlo ni moja na haina huruma: glasi isizidiwe utamu na sahani. Sababu iko ulimini. Ukila kitu kitamu sana, ulimi unazoea ile sukari na kuanza kuipuuza; kinachofuata, kama hakijaifikia ile ladha, kinaonekana hakina sukari kabisa. Ijaribu kesho jikoni kwenu: onja chai yenye sukari ya kawaida, kula kipande cha halua, kisha rudi kwenye chai hiyohiyo. Utadhani mtu ameiondoa sukari kikombeni. Sasa badala ya chai weka mvinyo. Utamu ukifichwa, kinachobaki mbele ni uchachu wa zabibu, ukakasi wa tanini na moto wa kilevi, na vyote vitatu kwa pamoja ndivyo mlivyovielezea kama dawa ya kikohozi. Maelezo yenu yalikuwa sahihi kabisa.

Keki ya chokoleti yenye krimu ya sukari juu mara nyingi huwa na zaidi ya theluthi ya uzito wake katika sukari. Chokoleti ya maziwa yenyewe ina kama gramu 50 za sukari katika kila gramu 100. Chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 70 ina kama 30. Yule mgeni alisema kweli kwamba Banyuls ni ya chokoleti, ila alisahau kusema chokoleti ipi. Ni chokoleti nyeusi, chungu, ambayo inauhitaji utamu wa mvinyo ili ikamilike. Uchungu wa kakao unakutana na sukari ya glasi, ukakasi wa mvinyo unasafisha mafuta ya kakao yaliyoganda ulimini, na matunda ya Rimage yanakaa mahali ambapo ungeweka mchuzi wa cheri. Kaa kati ya asilimia 64 na 72 kwa Rimage. Ukipanda hadi 85, uchungu wa kakao na tanini ya mvinyo vinagongana na kinywa kinakauka. Hors d'âge, kwa kuwa tanini yake imetulia, inaweza kuvumilia 75.

Keki ninayoipendekeza kwa meza yenu haina krimu wala vumbi la sukari. Kwa watu 8: gramu 200 za chokoleti ya asilimia 70, gramu 150 za siagi, mayai 4, gramu 80 za sukari, gramu 40 za unga wa ngano na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Yeyusha chokoleti na siagi kwenye bakuli lililokaa juu ya sufuria ya maji yanayotokota polepole, na bakuli lisiguse maji. Tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti kabla haijachanganyika na siagi, litaigandisha iwe punjepunje, na hapo ni bora kuanza upya. Piga mayai na sukari mpaka yapauke na kuumuka kidogo, changanya na chokoleti iliyopoa kiasi cha kuvumilika kidoleni, kisha ingiza unga na chumvi kwa mwiko bila kupigapiga. Mimina kwenye chombo cha sentimita 22 kilichopakwa siagi, oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 18 hadi 20. Itoe katikati ikiwa bado inatikisika. Ikiiva hadi ndani inakuwa kavu, na keki kavu inauvuta mvinyo kama sponji bila kurudisha ladha yoyote.

Iache ipoe na uitoe ikiwa na joto la chumba. Ikitoka friji moja kwa moja, siagi ya kakao imeganda, inatandaza utando mdomoni, na mvinyo unapita juu yake bila kugusa chochote. Ukitaka kitu cheupe pembeni, piga krimu bila sukari. Epuka mchuzi wa pasheni, hata kama ndio unaopamba kila sahani ya kitindamlo siku hizi: uchachu wake unaushinda uchachu wa Banyuls na mvinyo unalala chali, hauna uhai. Maembe mabivu na nazi tamu navyo si vya mvinyo huu mwekundu. Cheri, au plamu kavu zilizolowekwa usiku kucha katika Rimage kidogo, ndizo zinazokaa vizuri.

Kosa la pili lilikuwa joto. Chupa iliyokaa juu ya kaunta Mombasa ina nyuzi 28 au 30. Katika hali hiyo kilevi kinapanda puani kabla ya matunda, na utamu unakuwa mzito kama asali iliyoyeyuka. Rimage inafaa kuingia kwenye glasi ikiwa na nyuzi 13 au 14. Itapanda yenyewe hadi 16 ndani ya dakika chache, na hapo ndipo ilipo bora. Hors d'âge ianze kwa 14 au 15, kwa sababu harufu zake ni za polepole na baridi huzifunga. Njia ya haraka ya kutoka kwenye joto la kaunta: ndoo yenye barafu na maji nusu kwa nusu, chupa izame hadi shingoni, robo saa. Barafu peke yake bila maji haipozi vizuri, kwani inaigusa chupa kwa vipande tu. Friji inachukua kama saa mbili. Ikiwa chupa imelala frijini usiku kucha, itoe dakika 20 kabla. Msiitoe kwa nyuzi 5 mkidhani mnaikarimu. Ubaridi huo unaongeza ukakasi na kuua harufu.

Glasi iwe ndogo yenye tumbo na mdomo uliobana, mumimine mililita 60. Ile ndogo kabisa ya kunywea pombe kali kwa funda moja haina nafasi ya harufu; Hors d'âge ndani yake ni hasara tupu. Chupa ya mililita 750 itawapa glasi 12, ya 500 itawapa 8. Rimage yenye umri inaweza kuwa na mashapo chini, kwa hiyo isimamishe siku nzima kabla ya kufungua na umimine bila kuitikisa.

Sasa ile ya kahawia. Msiitoe na keki ileile kwa mazoea, ingawa keki hiyo haitaikosea. Hors d'âge inapendeza zaidi pale sahani inapokuwa na kitu kilichokaangwa, kilichokauka au kilichopikwa hadi kikaiva rangi: krimu ya kahawa isiyo tamu sana, keki ya lozi, tati (pai isiyofunikwa) ya jozi, karameli iliyoungua kidogo na kutiwa chumvi. Na kuna mahali ambapo pwani yenu inaikaribisha bila kulazimisha. Korosho zilizokaangwa, zenye chumvi kidogo tu, glasi ndogo ya Hors d'âge na kipande cha chokoleti nyeusi: sioni haja ya kitindamlo kingine baada ya chakula kizito. Tende mtumie kwa uangalifu. Harufu zinaoana sana, lakini tende ni sukari karibu theluthi mbili au zaidi, na tumeshaona sukari inafanya nini. Moja kwa mtu, ijazwe lozi au jibini lenye chumvi badala ya kitu kitamu. Halua na kaimati ziachieni kahawa chungu.

Jibini la buluu, lile lenye mishipa ya ukungu wa buluu ndani, ni jambo kubwa kuliko chokoleti kwa maoni yangu, na watu wengi hawafiki hapo kwa kuwa wameshaambiwa Banyuls ni chokoleti basi. Chumvi hupunguza uchungu ulimini na kuusukuma utamu mbele, kwa hiyo mvinyo unaonekana umejaa zaidi huku jibini likipoteza ukali wake. Roquefort na Hors d'âge vinaelewana kama mbaazi na mahamri. Gramu 30 kwa mtu zinatosha, litolewe friji nusu saa kabla, na mkate wenye jozi au kipande cha tini kavu pembeni. Jibini laini jeupe lisilo na chumvi halifai, linafanya mvinyo uonekane mzito bure. Rimage nayo inaweza kukaa na jibini la buluu, ila ichague lile lisilo kali sana.

Kabla ya kitindamlo pia ina nafasi. Huko kwao Banyuls hunywewa baridi kidogo kabla ya chakula, na hutolewa na maini ya bata. Kwenye jiko lenu, maini ya kuku yaliyopondwa na siagi na pilipili manga yatafanya kazi hiyohiyo, na Rimage itaingia vizuri na nyama ya bata. Mchuzi wake ni rahisi kupika. Kwa watu wanne, mkishakaanga bata, mwageni mafuta mbakishe kijiko kimoja, kaangeni vitunguu vidogo viwili vilivyokatwa laini kwa dakika mbili. Tieni mililita 30 za siki ya mvinyo mwekundu, ikauke karibu yote. Ondoeni kikaango motoni, mimineni mililita 120 za Rimage, rudisheni kwenye moto wa wastani ipungue nusu. Ongezeni mililita 200 za supu ya kuku isiyo na chumvi, ichemke mpaka ishike mgongo wa kijiko, kama dakika nane. Malizieni nje ya moto kwa gramu 25 za siagi baridi, mkizungusha kikaango. Supu ikiwa na chumvi tangu mwanzo, mchuzi ukipungua hautalika. Moto ukiwa mkali, sukari ya mvinyo inaungua kwenye kingo na uchungu unaenea kote. Na bila siki mtapata jamu juu ya nyama. Msipikie Hors d'âge: harufu zake zilizochukua miaka zitaondoka na mvuke kwa dakika tano.

Kuna jambo ambalo kwenye hoteli ya Mombasa halina mjadala. Kilevi hakiishi chote kwenye moto, hata mchuzi uchemke muda mrefu, na plamu zilizolowekwa hazijapikwa kabisa. Andikeni wazi kwenye menyu, na anayehudumia aseme kwa mdomo kabla mgeni hajaagiza. Chombo na mwiko vya mchuzi huo visitumike kwa sahani ya asiyetumia kileo.

Chupa zikishafunguliwa zinatofautiana tena, kwa sababu ileile ya hewa. Rimage haikuwahi kuzoea oksijeni. Izibwe vizuri, isimame frijini, na imalizwe ndani ya wiki. Baada ya hapo matunda yanafifia, na hapo ndipo inapofaa kwenda kwenye mchuzi. Hors d'âge imeishi na hewa kwa miaka. Ikizibwa na kukaa frijini itadumu mwezi mmoja au hata miwili bila kuonyesha uchovu, jambo linalowafaa sana kama mnauza kwa glasi na wateja ni wachache. Chupa ambazo hazijafunguliwa ziwekwe mahali pa giza na baridi. Zile za kizibo kirefu cha kawaida zilale, zile za kizibo chenye kichwa cha kushika kwa mkono zisimame. Rafu ya baa iliyo juu ya friji, ambako mara nyingi chupa hupangwa kwa urembo, ndiyo mahali pabaya kuliko pote.

Mkitaka kununua nyingine na Banyuls haipatikani, tafuteni Maury, jirani yake wa bara, nayo ya grenache juu ya shisti. Lakini someni lebo, maana siku hizi kuna Maury kavu iandikwayo Maury Sec, ambayo haina utamu huu. Rivesaltes yenye neno Tuilé au Ambré inakaa upande wa Hors d'âge. Rasteau ya bonde la Rhône nayo ni ya grenache, ila hakikisheni ni vin doux naturel, kwa kuwa jina hilo lina mvinyo mkavu pia. Porto ya Ureno ndiyo rahisi kupatikana madukani: Ruby na Vintage zinachukua nafasi ya Rimage, Tawny ya miaka 10 au 20 inachukua ya Hors d'âge. Porto ina kilevi cha asilimia 19 hadi 22, kwa hiyo ipozeni zaidi kidogo na mpunguze kipimo hadi mililita 50. Msichukue Muscat de Rivesaltes wala Muscat de Beaumes-de-Venise kwa keki hii ya chokoleti. Hizo pia ni tamu na zimekatizwa kwa spiriti vilevile, lakini zina harufu ya maua na zabibu mbichi ambayo kakao inaimeza mara moja. Mahali pake ni kwenye keki ya limau, na kwenye embe na nazi nilizowakataza hapo juu, na zinyweni zikiwa na nyuzi 8 hadi 10.